Legeza Kola

Mimi ni fundi cherehani, si mtu wa hadithi. Kazi yangu ni kupima, kukata na kushona, na muda mwingi mdomo wangu umebana pini. Leo nimezitema. Nimechoka kuona watu wanaipigia makofi ile filamu ya televisheni kuhusu ukoo wetu, eti wanafuta machozi. Futeni tu. Mkishamaliza, nisikilizeni na mimi.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Nilikuwa dukani natia zipu kwenye sketi ya shule, redio inaongea peke yake, shangazi amekaa mlangoni anachambua vifungo kwenye kopo. Akaingia baba mdogo, na nyuma yake mwanamume aliyepandisha miwani kichwani. Huyo alikuwa mwongozaji wa filamu.

Hapa inabidi niwaeleze kwetu. Babu yangu alikuwa mwalimu wa kwaya. Alizaa watoto wanne, akampa kila mmoja sauti yake, na tangu hapo majina yao halisi yakabaki kwenye vyeti. Mkubwa, binti, aliimba sauti ya kwanza, akaitwa Kwanza. Wa pili ni huyu shangazi yangu wa vifungo, akaitwa Pili. Wa tatu alikuwa baba yangu, Tatu, Mungu amrehemu. Kitinda mimba aliimba besi, ndiye baba mdogo, Nne. Hata leo ukiita "Nne!" uani kwetu, anaitika mzee mwenye mvi.

Walivuma hao, msiulize. Picha yao ilibandikwa kwenye kila kinyozi na kila duka la vitambaa, wote wanne wamevaa meupe, kola ndefu imesimama mpaka chini ya masikio. Wasichana wa nchi nzima walishonewa kola ile. Kuna mafundi walijenga nyumba kutokana nayo. Na habari niliyolelewa nayo ilikuwa hii: shangazi Kwanza, alipofika miaka kumi na tisa, aliolewa mbali, akafia huko. Basi, hakuna aliyeuliza zaidi. Ila shangazi Pili tangu siku hizo hajaimba. Hata kwenye harusi yangu alipiga makofi tu.

"Televisheni wanatengeneza filamu yetu," baba mdogo alisema. "Mavazi utashona wewe. Mambo yabaki ndani ya familia."

Sitadanganya, nilifurahi. Nguo arobaini kwa mpigo, nani angekataa? Wakaniachia na muswada ili nijue nani anavaa nini wapi. Nikausoma huku naning'iniza mguu kwenye cherehani. Babu humo ni malaika, anatoka jasho la haki toka ukurasa wa kwanza. Halafu nikafika alipo Kwanza. Kwanza ana chupa mkononi. Kwanza anapepesuka jukwaani. Kwanza anatoroka dirishani na dereva wa lori, na babu amepiga magoti anamwombea.

"Baba mdogo," nikamuuliza, "kumbe shangazi Kwanza alikuwa mlevi?"

Alicheka. "Watu wanapenda chumvi kidogo. Na marehemu hajitetei."

Shangazi Pili aliinua lile kopo akamwaga vifungo vyote sakafuni. Halikumponyoka. Alilimwaga, akamtazama mdogo wake, akaingia ndani akafunga mlango. Niliokota vifungo mpaka saa saba mchana.

Kesho yake baba mdogo akaniletea sanduku la bati. Ndani kulikuwa na gauni lenyewe, la Kwanza, lile la kwenye picha, ili nitoe kipimo. Sasa, msiojua ufundi niwaambie. Nguo husomeka. Ukifumua mshono, matundu ya sindano yanabaki, na fundi anajua nguo ilipunguzwa wapi na iliongezwa wapi. Kola ile ilifungwa nyuma kwa kulabu, na kitambaa cha akiba kilikunjwa ndani. Niliposhika wembe nikafumua, nikakuta mistari ya matundu. Si mmoja. Mitano. Kila mmoja umepisha mwingine nusu inchi. Wa kwanza ulikuwa inchi kumi na tatu, na mshono wa mwisho, ambao haujafumuliwa, ulikuwa kumi na tano na nusu.

Nikajisemea, alikuwa ananenepa. Nikageuza kiunoni. Kiuno kilikuwa kimepunguzwa mara tatu.

Nyuzi zilizobaki zilishonwa kwa mkono, vishono vidogo vilivyolala kinyume, mshono wa mtu anayetumia mkono wa kushoto. Kwetu mashoto ni mmoja tu, shangazi Pili, na alikuwa chumba cha pili anakohoa. Sikumwuliza. Nilikuwa na nguo arobaini za kushona.

Halafu nikafanya kosa ambalo fundi peke yake angelifanya. Kola ndefu haisimami bila utepe mgumu ndani yake, na tepe za siku hizi ni hovyo, zikipigwa na joto la taa zinalala. Ule wa zamani ulikuwa mgumu kama kadi, umeingia umanjano lakini imara. Nikaona ni hasara kuuacha uozee kwenye sanduku. Nikauchomoa kwenye kola ya marehemu, nikauingiza kwenye kola mpya.

Aliyecheza sehemu ya Kwanza alikuwa binti wa miaka kumi na tisa vilevile, tulimwita Kidoti kwa ajili ya doa la shavuni. Binti mcheshi, anakula karanga wakati wa kupimwa mpaka maganda yanaingia kwenye futi yangu. Nilimpima shingo kwa mkono wangu: inchi kumi na tatu. Kuimba alikuwa hajui, na alisema mwenyewe kwamba sauti yake ni ya kuitia kuku. Hakukuwa na shida. Wimbo ulitoka kwenye kanda za zamani, yeye alichezesha midomo tu.

Siku ya kwanza ya gauni jipya tulikuwa kwenye ukumbi mmoja mkongwe, saa nne asubuhi, jua limejaa madirishani. Mwongozaji akaamuru waanze. Kidoti akafungua mdomo, na ile sauti ikajaa ukumbi mzima. Watu wa taa wakaacha kazi wakasikiliza. Beti likaisha, makofi yakapigwa, na fundi sauti akavua vile vya masikioni taratibu, akamtazama mwongozaji.

"Sijabonyeza kitu," alisema. "Kanda haijaanza."

Mwongozaji nusura aruke. Tuachane na kanda, alisema, binti anaimba mwenyewe! Baba mdogo alisimama nyuma ya kamera, midomo imemkauka. Aliitambua sauti. Nilimwona alivyoitambua. Halafu akameza mate, akaanza kupiga makofi na yeye.

Baada ya siku mbili Kidoti akalalamika kola inabana. Nikampima. Kumi na tatu na nusu. Nikasema labda nilikosea mwanzo.

"Legeza kola," mwongozaji alisema bila kugeuka.

Nikalegeza.

Siku ya nne, kumi na nne. Nikalegeza. Siku ya sita, kumi na nne na nusu, na kiuno kinapwaya, nikakipunguza kwa pini. Karanga hazipandi tena. Lakini akisimama mbele ya kamera anaimba hadi nywele zinakusimama. Nilipokuwa namfunga kulabu alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

"Dada fundi," alininong'oneza, "kuna mtu anameza mate kabla yangu."

"Wapi?"

Akagusa kooni. "Humu."

Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari. Daktari akasema koo limechoka, linavimba, apumzike wiki mbili bila kuimba wala kupiga kelele. Nikarudi na karatasi yake. Mwongozaji akaisoma, akampa baba mdogo. Baba mdogo akaikunja akaitia mfukoni, na maneno aliyoyasema sitayasahau mpaka naingia kaburini.

"Zimebaki siku mbili tu. Msichana ana miaka kumi na tisa, atapumzika baadaye. Wewe legeza kola."

Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikalegeza! Kumi na tano. Nina hasira na wengi katika habari hii, lakini kijiko cha kwanza cha dawa hiyo chungu nanywa mwenyewe.

Jioni ile, msaidizi wangu akisubiri kuondoka na gauni kwenda ukumbini, nilitandika kola mbili mezani, ya zamani na mpya, kuangalia kama akiba itatosha. Nikazilaza sambamba. Matundu yakalingana. Mstari kwa mstari, nusu kwa nusu. Hata pini za kiuno. Kwenye ile ya zamani ulibaki mstari mmoja ambao sijaufikia.

Msaidizi alipoondoka na gauni, niliingia kwa shangazi bila kubisha hodi. Alikuwa amekaa kitandani, kama alikuwa ananisubiri.

"Shangazi, amefika kumi na tano."

Hakuuliza nani. "Bado nusu," alisema. "Kwenye kumi na tano na nusu ndipo ilipoishia."

Hapo ndipo aliponieleza. Shangazi Kwanza hakuolewa popote. Alivimba shingo, akawa hawezi kumeza hata uji. Babu akakataa kumpeleka hospitali kwa sababu angelazwa, na maonyesho yalikuwa yamepangwa nchi nzima. Akabuni kola ndefu kuficha uvimbe. Wote wakavaa, ili asionekane yeye peke yake. Ndiyo ile kola watu waliyoiiga! Na kila uvimbe ulipozidi, babu alimwita huyu shangazi, wakati huo ana miaka kumi na saba. "Pili, legeza kola."

"Mshono ule ni wangu," shangazi alisema. "Mara tano. Alifia jukwaani, katikati ya beti la tatu la wimbo wa mwisho. Walimbeba nyuma ya pazia, babu yako akanisukuma mbele nishike sauti ya kwanza. Beti lile hatukulimaliza, tukarukia la nne. Nne alikuwa na miaka kumi na mitano. Aliona yote. Leo anampa dada yake chupa mkononi!"

Halafu akaniuliza kitu cha ajabu. "Utepe wa ndani ya kola yake uko wapi?"

Nikamwambia nilikouweka.

Alinizaba kofi. Nina miaka thelathini na tisa, nina watoto, na alinizaba kofi na nikaona nimestahili. "Utepe ule umekunywa jasho la homa yake miezi minne," alisema. "Ukamfunga nao mtoto wa watu shingoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe fundi mzima hukukiona?"

Nikampigia Kidoti simu kumwambia asiende kazini. Alipokea mama yake, akasema gari la filamu limeshamchukua, wanalala karibu na ukumbi ili waanze mapema. Nilimpigia mwongozaji, hakupokea. Nilimpigia baba mdogo. Alipokea, akasikiliza mpaka mwisho, akakata.

Tulipanda basi la kwanza la alfajiri, tukafika ukumbini saa tatu asubuhi, shangazi kanishika bega. Mlinzi akatuzuia. Ndugu zangu, sijawahi kumtukana mtu kama nilivyomtukana mlinzi yule, na alikuwa hana kosa. Akatupisha.

Viti vilijaa watu wa kukodi, wamevaa kizamani, wameambiwa wapige makofi wakiona kitambaa chekundu. Kidoti alikuwa jukwaani tayari. Wimbo wa mwisho. Beti la pili linaisha. Kola ilikuwa imesimama vizuri, haimbani hata kidogo. Sikuelewa, maana jana niliiacha kwenye kumi na tano, na kwa jinsi shingo ile ilivyojaa haikuwezekana ifunge. Nilimgeukia msaidizi wangu wa mavazi.

"Nani kalegeza?"

"Si wewe?" alisema. "Tumeikuta hivyo asubuhi."

Beti la tatu likaanza.

Kidoti alikuwa mweupe midomoni. Jasho halimtoki. Macho yake yalikuwa yananitafuta mimi, nina hakika, lakini sauti ilikuwa inapanda tu, nzuri, nzuri mno, na mwongozaji anatikisa kichwa kwa raha. Nilimwona binti anajaribu kufunga mdomo. Haukufungika.

Shangazi akaniachia bega. Akachukua wembe wangu kwenye mkoba. Bibi wa miaka zaidi ya sitini, vidole vimepinda kwa ugonjwa wa viungo, akapanda ngazi za jukwaa mbele ya kamera tatu.

"Nani yule?" mwongozaji akaropoka. "Kata! Kata!"

"Ndicho nilichojia," shangazi alisema.

Akakata. Aliingiza wembe nyuma ya shingo, akaipasua kola kutoka juu hadi chini, akauchomoa ule utepe wa manjano. Kidoti akaanguka. Nilimdaka kabla ya kichwa kufika chini. Akavuta pumzi, ndefu, ya mtu aliyetolewa majini. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Sauti haikukoma.

Iliendelea kuimba. Pale pale juu yetu, usawa wa mtu aliyesimama. Hakuna spika iliyowashwa. Mwenye kitambaa chekundu kakiangusha. Sauti ikafika katikati ya beti la tatu, pale pale. Ikasita. Ikakohoa.

Shangazi Pili akasimama kando yake. Kando ya hewa tupu, niseme nini zaidi? Akafungua mdomo ambao haujaimba zaidi ya miaka arobaini, akashika sauti ya pili, kwa chini, imekwaruza, lakini mahali pake. Na ile ya kwanza ikarudi. Wakaenda pamoja mpaka mwisho wa beti. Wakamaliza.

Halafu shangazi akaigeukia kamera. "Dada yangu hakunywa pombe," alisema. "Aliumwa. Baba alijua. Mimi nililegeza kola. Nne, njoo useme na wewe."

Baba mdogo alikuwa amesimama karibu na mlango. Wote tuligeuka kumtazama. Aliweka mkono shingoni, akatoka nje.

Kidoti alilazwa siku tano. Nilipokwenda kumwona nilichukua futi. Kumi na tatu. Alikuwa anakula karanga, akaniambia hataki tena filamu, atafundisha watoto wa chekechea. Utepe niliuchoma kwa mkono wangu, shangazi akishuhudia, na majivu nikayamwagia maji.

Mngedhani yameisha. Yaani mngedhani watu wana haya! Filamu ilitoka. Chupa iko pale pale. Dereva wa lori yuko pale pale. Kipande cha shangazi kimekatwa, mwishoni mahali pa Kidoti wameweka mtu mwingine anayeonekana kwa mbali, na mwishoni kabisa baba mdogo amekaa kwenye kiti kizuri anasema familia yetu ilijengwa kwa upendo. Fundi sauti alinipigia siku ile. Akaniambia walilazimika kutumia kanda za zamani, kwa sababu zile walizorekodi ukumbini hazina wimbo. Saa tisa za kurekodi, na kinachosikika ni mtu anameza mate.

Wiki moja baadaye baba mdogo alikuja dukani. Amefungua kifungo cha juu, ana shati jingine mkononi, jeupe.

"Mwanangu," alisema, na sauti ile ya besi ilikuwa imenyauka, "mashati yananibana. Sijui ni dobi. Hebu nilegezee kola."

Nikalipokea lile shati, nikaigeuza kola, nikasogea dirishani.

Ilikuwa imeshalegezwa mara moja. Nusu inchi. Vishono vidogo vya mkono, uzi wa manjano, vimelala kinyume. Shangazi alikuwa chumba cha pili, na vidole vyake havijaweza kutunga sindano miaka kumi na miwili.

"Nenda kaseme ukweli, baba mdogo," nilimwambia. "Mahali ulipodanganya ndipo ukauseme, watu wakiwa wanaona. Mimi kola silegezi tena."

Akaniita mtoto asiye na adabu. Akaondoka, shati akaliacha mezani.

Ninalo mpaka leo, nimelifungia kabatini, ufunguo ninao mimi shingoni. Kila Jumanne nalitoa nalipima. Shangazi siku hizi anaimba akichambua vifungo, sauti ya pili tu, na kila mwisho wa mstari ananyamaza kidogo, anampisha mtu. Jana nililitoa tena lile shati. Mistari ya matundu ni minne.

Baba mdogo, najua unasoma. Namba yangu unayo. Umebakiwa na nusu inchi.